Panda Mkubwa: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara Kuhusu Tabia na Maisha Yake ya Kila Siku

Kila ninapowaongoza wanafunzi wa klabu za wanyamapori katika Mbuga ya Ziwa Nakuru, hutokea mmoja wao akaacha kumtazama kifaru aliye mbele yake na kuniuliza habari za panda. Maswali ya aina hiyo nimeyapokea pia Kisumu na Kakamega, kutoka kwa watoto, wazazi na walimu wenzangu. Nimeyakusanya hapa na kuyajibu kwa kadiri ya uzito wa kila moja, kwa hiyo msomaji asishangae kuona majibu mengine ni ya mistari miwili na mengine ni marefu.

Je, panda mkubwa ni dubu, na anapatikana Kenya?

Ni dubu kamili, na uchunguzi wa vinasaba umelimaliza suala hilo lililobishaniwa kwa miaka mingi. Makazi yake ya asili yamebaki katika milima ya mikoa mitatu ya China: Sichuan, Shaanxi na Gansu. Kenya hatuna hata mmoja, si porini wala katika hifadhi. Panda mwekundu, yule mdogo mwenye mkia mrefu ambaye watoto humwona kwenye katuni, ni wa ukoo mwingine, ingawa naye hula mianzi.

Panda huitumiaje siku yake?

Hula, hupumzika, kisha hula tena. Panda aliye porini hutumia takriban saa 14 kati ya 24 akiwa macho, na karibu muda huo wote huuchukua katika kutafuta mianzi, kuimenya na kuitafuna. Saa zinazobaki huzigawa katika vipindi vya usingizi vya saa mbili hadi nne. Kwa sababu hiyo si mnyama wa mchana wala wa usiku: utamkuta akila alfajiri, akila jioni kiza kinapoingia, na mara nyingi akila usiku wa manane wakati wanyama wengine wa msitu huo wamelala.

Ratiba hii hufanana siku baada ya siku. Mtafiti George Schaller, ambaye kuanzia mwaka 1980 alishirikiana na Hu Jinchu kuwafuatilia panda katika hifadhi ya Wolong, aliwaona wakikaa katika maeneo madogo ya kilomita chache za mraba, na siku nyingi mwendo wao haukufika hata nusu kilomita. Mfugaji wa Njoro anayemkatia ng'ombe wake nyasi za nepia ataielewa hali hiyo mara moja: palipo na malisho ya kutosha, mnyama hana haja ya kuhama. Tofauti ni kwamba ng'ombe akishiba hulala chini na kucheua, na panda hawezi kucheua.

Kwa nini mnyama wa jamii ya wala nyama ale mianzi?

Hili ndilo swali ninalolipenda kuliko yote, kwa kuwa ukilijibu vizuri umeyajibu nusu ya yaliyobaki.

Tumbo la panda ni la mla nyama. Ni tumbo la chumba kimoja, na utumbo wake ni mfupi. Mlinganishe na mbega tunayemwona katika Msitu wa Kakamega, ambaye pia huishi kwa majani. Mbega ana tumbo lenye vyumba, na ndani yake bakteria huyachachua majani taratibu mpaka yatoe nguvu iliyofichwa katika nyuzinyuzi zake. Ndiyo maana mbega hula kwa muda mfupi, kisha hukaa juu ya tawi sehemu kubwa ya mchana akisubiri tumbo limfanyie kazi. Panda hana vyumba hivyo. Mianzi hupita ndani yake kwa muda usiofika siku nzima, na katika kila kilo ya chakula kikavu anachomeza, mwili wake hunufaika na takriban asilimia 17 tu. Inayobaki hutoka ikiwa bado ina rangi ya kijani na vipande vya nyuzi vinavyoonekana kwa macho.

Kwa kuwa hawezi kukinyonya chakula chake vizuri, panda hukifidia kwa wingi. Mtu mzima wa panda hula kati ya kilo 12 na 38 kwa siku, kutegemea msimu na sehemu ya mwanzi iliyopo, na hujisaidia hata mara 40 kwa siku. Hali hii haikuanza jana. Visukuku vilivyopatikana Yunnan vinaonyesha kwamba mababu wa panda walikuwa tayari na kiungo cha kushikia mianzi zaidi ya miaka milioni sita iliyopita. Vinasaba vyake vinaonyesha pia kwamba kinasaba kinachomwezesha mnyama kuhisi utamu wa nyama kimeharibika na hakifanyi kazi tena. Hata hivyo panda hajaisahau nyama kabisa: akikuta mzoga, au akimdaka panya wa mianzi, humla.

Anaishikaje mianzi, na hula sehemu gani?

Hukaa kitako kama mtu aliyeketi juu ya mkeka, mgongo ukiegemea mti au mwamba, ili mikono yote miwili iwe huru. Katika kila kiganja, kando ya vidole vitano vya kawaida, ana mfupa wa kifundo cha mkono uliorefuka ukawa kama kidole gumba. Si kidole cha kweli, kwa sababu hakina viungo vya kukunja, lakini huubana mwanzi barabara. Magego yake ni mapana na taya zake zina misuli mikubwa, na misuli hiyo ndiyo inayoufanya uso wake uonekane wa mviringo. Watu huuona uso huo wakasema ana sura ya mtoto. Kwa hakika ni uso wa mashine ya kusaga.

Huchagua chakula chake kwa makini sana. Majira ya kuchipua yanapofika, huacha kila kitu na kutafuta machipukizi, kwa kuwa yana protini nyingi na nyuzi chache. Wakazi wa miteremko ya Mlima Elgon hawatalishangaa hilo: Wabagisu wa upande wa Uganda huyakausha machipukizi ya mianzi kwa moshi na kuyapika kwa karanga, chakula kiitwacho malewa. Machipukizi yakikomaa na kuwa magumu, panda huhamia kwenye majani, na katika miezi ya baridi hula hata mashina yenyewe baada ya kuyabandua ganda la nje kwa meno.

Kwa kuwa aina mbalimbali za mianzi huchipua kwa nyakati tofauti kulingana na mwinuko, panda hupanda na kushuka mlima pamoja na chakula chake. Katika mwaka mmoja anaweza kuwa bondeni kwenye mita 1,200 hivi, kisha akafika kwenye mita 3,000 na zaidi.

Je, ni kweli kwamba panda ni mvivu?

Hapana, na ningependa neno hilo lisitumiwe kabisa darasani. Mvivu ni yule mwenye nguvu asiyetaka kuitumia. Panda ana nguvu kidogo na huitumia kwa hesabu.

Mwaka 2015 watafiti wa China walichapisha vipimo vya matumizi ya nguvu katika miili ya panda, na wakaona kwamba panda hutumia takriban asilimia 38 tu ya nguvu inayotarajiwa kwa mnyama wa uzito wake. Homoni za tezi ya thairoidi, ambazo huamua mwili ufanye kazi kwa kasi gani, ziko chini sana mwilini mwake. Ubongo, ini na figo zake ni vidogo ukilinganisha na ukubwa wa mwili. Manyoya mazito huzuia joto lisimtoroke. Kwa maneno mengine, mwili mzima umejifunza kuishi kwa kipato kidogo, na mwendo wake wa polepole ni sehemu ya mpango huo huo. Mwanafunzi mmoja wa gredi ya sita aliniambia kwamba panda ni kama simu iliyowekwa kwenye hali ya kuokoa betri. Sijapata mfano bora zaidi.

Hulala wapi, na je, hulala majira yote ya baridi kama dubu wengine?

Hulala popote alipomaliza kula: chini ya mti, juu ya majani makavu, wakati mwingine juu ya tawi. Hana pango la kudumu, isipokuwa jike anayezaa.

Usingizi mrefu wa majira ya baridi hana. Dubu wanaolala miezi kadhaa hutangulia kujaza mafuta mwilini wakati wa neema, na mianzi haimpi mtu mafuta ya kuweka akiba. Kwa bahati nzuri mianzi hubaki na majani mabichi hata theluji inapoanguka, kwa hiyo panda huendelea kula ndani ya theluji.

Mianzi ikichanua maua hutokea nini?

Huu ni msiba wa panda, na ni jambo ambalo wengi hawalijui. Aina nyingi za mianzi huishi kwa miongo kadhaa bila kutoa ua hata moja. Kisha mimea ya aina moja katika eneo kubwa huchanua kwa pamoja, hutoa mbegu na kufa yote. Huchukua miaka mingi kwa miche mipya kufikia kimo cha kumlisha mnyama mkubwa. Katika miaka ya 1970 kulitokea kifo cha aina hiyo katika milima ya Min, kwenye mipaka ya Sichuan na Gansu, na maiti za panda zaidi ya 100 zilipatikana. Mwaka 1983 mianzi ilichanua tena katika safu za milima ya Qionglai.

Zamani panda angevuka bonde na kwenda kwenye mlima wenye aina nyingine ya mianzi. Barabara, mashamba na miji vilipokata njia hizo, panda wengi walifungiwa kilimani kwao kama watu wa kisiwani wasio na mtumbwi. Kwa sababu hiyo Mbuga ya Taifa ya Panda Wakubwa, iliyozinduliwa rasmi mwaka 2021, ilikusudiwa kuziunganisha hifadhi nyingi zilizokuwa zimetengana.

Kwa nini huishi peke yake?

Kwa sababu ya chakula. Panda wawili wakiwa mahali pamoja, kila mmoja atalazimika kutembea zaidi ili ashibe. Lakini kuishi peke yake hakumaanishi kwamba hawajui jirani zake. Wanajuana kwa harufu.

Chini ya mkia panda ana tezi zinazotoa ute mzito, ambao huupaka kwenye magome ya miti na kwenye mawe, wakati mwingine akiuchanganya na mkojo. Harufu hiyo hudumu kwa wiki nyingi, na panda mwingine akiinusa hufahamu kama aliyepita ni dume au jike, ni mtu mzima au kijana, na kama jike yuko karibu kuingia kwenye joto. Katika Mbuga ya Ziwa Nakuru vifaru huacha ujumbe wa namna hiyo katika marundo ya kinyesi ambayo kila kifaru huyatembelea na kuyaongeza, na mimi huwasimamisha wanafunzi hapo ili waelewe kwamba lugha haihitaji sauti.

Madume ya panda yana mtindo mmoja wa ajabu: husimama kwa mikono, miguu ya nyuma ikiwa juu kwenye shina la mti, ili alama ibaki juu iwezekanavyo. Alama iliyo juu humwambia msomaji wake kwamba mwandishi ni mkubwa. Panda mdogo akikutana na harufu ya aina hiyo huwa mwangalifu kuliko akikutana na iliyo chini.

Hutoa sauti gani?

Hangurumi kama simba. Sauti yake ya kirafiki hufanana na mlio wa mbuzi, na wageni husita kuamini kwamba imetoka kwa dubu. Akiwa na hofu au hasira hubweka na kukoroma, na jike aliye kwenye joto hutoa mlio mwembamba wa kama ndege. Mtoto mchanga hulia kwa nguvu isiyolingana kabisa na mwili wake.

Kwa nini husemekana kwamba panda hawapendi kuzaa?

Hawapewi haki yao katika jambo hili. Jike huingia kwenye joto mara moja tu kwa mwaka, kati ya Machi na Mei, na siku zake za kushika mimba ni moja hadi tatu. Porini hilo halina shida: harufu huwa imekwisha kuwaita madume mapema, nao hukusanyika chini ya mti alipo jike, hupigana, na jike huchagua. Shida ilianza binadamu alipomchagulia jike mume mmoja na kumfungia naye.

Historia ya Chi-Chi inaonyesha hilo, na ina uhusiano na Kenya. Mwaka 1958 mfanyabiashara wa wanyama kutoka Austria, Heini Demmer, aliyekuwa akiishi Nairobi, alipeleka Beijing wanyama wa Afrika wakiwemo twiga, vifaru, viboko na punda milia, akapewa panda huyo jike. Marekani ilikataa kumpokea kwa sababu ya vikwazo vya biashara dhidi ya China, kwa hiyo aliishia katika bustani ya wanyama ya London, ambako sura yake ndiyo iliyochochea nembo ya shirika la uhifadhi la WWF mwaka 1961. Mwaka 1966 alipelekwa Moscow kukutana na dume aitwaye An-An, na mwaka 1968 An-An aliletwa London. Mara zote mbili alimkataa. Alikuwa amelelewa na watu tangu utotoni, na watu ndio aliowaona kuwa wa aina yake. Alikufa mwaka 1972 bila mtoto.

Utafiti uliochapishwa mwaka 2015 kuhusu panda wa kituo kimoja cha Sichuan ulionyesha kwamba jike na dume wakipendana wenyewe, uwezekano wa kupata mtoto huongezeka sana. Binafsi nasikitika kwamba ilichukua muda mrefu hivyo kuwauliza wenyewe.

Mtoto wa panda huzaliwa akiwa na ukubwa gani?

Huzaliwa na gramu 100 hivi, sawa na pakiti ndogo ya majani chai, ilhali mama yake anaweza kuwa na kilo 90 au zaidi. Ni wa rangi ya waridi, kipofu, karibu bila manyoya. Mimba yenyewe huchukua kati ya miezi mitatu na mitano, kwa sababu yai lililorutubishwa huelea kwa muda kabla ya kujishikiza, na wengi huzaliwa Agosti na Septemba.

Mama hujichimbia katika shina la mti lenye uwazi au katika pango la mwamba. Kwa siku kadhaa za mwanzo hatoki, hali, hanywi maji. Humweka mtoto kifuani, humlamba, humgeuza, na akilala humfunika kwa kiganja. Mnyama ambaye tumesema hula saa 14 kwa siku sasa hali kitu, na kila tone la maziwa linatoka katika akiba ndogo aliyonayo. Mapacha huzaliwa karibu katika nusu ya uzazi wote, lakini porini mama kwa kawaida humlea mmoja. Katika vituo vya China watunzaji huwabadilisha mapacha kwa zamu, mmoja kwa mama na mwingine katika mashine ya joto, ili wote wawili wanyonye.

Macho hufunguka baada ya wiki sita hadi nane. Hutambaa akiwa na miezi mitatu, huanza kuonja mianzi karibu na mwezi wa sita, na hukaa na mama kwa mwaka mmoja na nusu au miwili. Katika muda huo mama anapokwenda kula humwacha juu ya mti, wakati mwingine kwa saa nyingi. Watalii waliowahi kumkuta mtoto peke yake wakadhani ametelekezwa walikosea, na kumwondoa ni kumteka. Katika Wolong, watunzaji wanaowaandaa watoto kurudi porini huvaa mavazi ya panda yaliyopakwa mkojo wa panda, ili mtoto asizoee sura na harufu ya mtu.

Rangi nyeusi na nyeupe zina kazi gani?

Maelezo yanayokubalika zaidi ni kwamba weupe humficha penye theluji na weusi humficha penye kivuli, kwa kuwa halali majira ya baridi na hubidi aishi katika mazingira yote mawili. Masikio na mabaka ya macho huenda hutumika zaidi katika kutambuana na kuonyana.

Nimesikia panda hujipaka kinyesi cha farasi. Ni kweli?

Ni kweli. Katika milima ya Qinling wameonekana wakitafuta kinyesi kibichi cha farasi, wakikinusa, kisha wakijipaka mwili mzima mpaka usoni. Hufanya hivyo hasa siku za baridi. Utafiti uliochapishwa mwaka 2020 ulieleza kwamba kemikali zilizomo katika kinyesi hicho kikiwa kibichi zinaweza kupunguza hisia ya baridi mwilini. Kwa mnyama anayebana matumizi ya joto kiasi hiki, naliona jambo hilo kuwa la busara.

Je, panda ni mpole?

Huepuka ugomvi, lakini ni dubu mwenye taya za kuvunja mianzi, na amewahi kuwajeruhi vibaya watu walioingia katika uzio wake. Panda waliokomaa hawana adui mkubwa porini. Watoto wao huweza kuuawa na chui au mbwa mwitu wa Asia. Porini huishi miaka 15 hadi 20, na katika matunzo ya watu jike aitwaye Jia Jia alifikisha miaka 38 huko Hong Kong kabla ya kufa mwaka 2016.

Wamebaki wangapi?

Sensa ya nne ya China, ambayo matokeo yake yalitangazwa mwaka 2015, ilihesabu panda 1,864 porini. Mwaka uliofuata walihamishwa kutoka kundi la wanyama walio hatarini kutoweka hadi kundi la walio katika mazingira magumu, hatua moja ya nafuu.

Je, panda angeweza kuishi katika mianzi ya Msitu wa Mau?

Swali hili huulizwa na watoto wa Kuresoi na Olenguruone, wanaoijua mianzi kwa kuipitia wakienda kuteka maji. Baridi ingemfaa, na mwinuko ungemfaa. Lakini mianzi ya asili ya nyanda zetu za juu ni ya aina moja tu, na panda huhitaji angalau aina mbili zinazochipua kwa nyakati tofauti, ili moja ikichanua na kufa asife nayo.

Zaidi ya hayo, mianzi yetu ina mwenyewe. Katika Mau na katika msitu wa Eburu, ndani ya kaunti hii ya Nakuru, anaishi bongo wa milimani, swala mkubwa mwekundu mwenye mistari myeupe, ambaye hula majani ya mianzi na hujificha humo mchana kutwa. Waliobaki porini hawafiki 100, na hawapatikani popote duniani nje ya Kenya. Mtoto anaponiuliza habari za panda, humjibu yote niliyoyaandika hapa, kisha humwonyesha Eburu ulipo.